Namna ya Kuandika Riwaya ya Matajiri Waliotengwa

Anza na chanzo cha mali, kwani ndicho kinachowafanya wakubwa wa mji wawakwepe: tuseme ni familia iliyotajirika kwa karafuu za Pemba, ikanunua nyumba Mji Mkongwe miaka michache baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, bila ya kuwa na nasaba inayotambulikana. Usimruhusu mhusika yeyote kutamka kwamba wametengwa. Onyesha baraza yao iliyo tupu kila alasiri, ilhali ya jirani imejaa wanywaji kahawa, na sinia la halua walilolipeleka kwenye nyumba ya harusi likirudishwa na kawa lake halijafunuliwa. Mlango wa nakshi utajwe mara moja tu. Waandishi, kwa maoni yangu, wameuchosha. Binti, si baba, ndiye atangulie kuelewa kwa nini hawaalikwi.