Namna ya Kupinga Mradi Mkubwa wa Majitaka Nchini Kenya

Kabla ya kuandamana, wakazi waitafute ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kuwa Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Isomeni kwa makini: bomba kuu linapita wapi, mtambo wa kusafisha majitaka uko umbali gani kutoka kwenye nyumba, maji yaliyosafishwa yanamwagwa mto gani, na ni njia zipi mbadala zilizofikiriwa.

Kisha wasilisheni pingamizi kwa maandishi kwa NEMA, mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira, ndani ya muda uliotangazwa, mkitaja athari mahususi, maana malalamiko ya jumla hupuuzwa upesi. Semeni pia mradi uhamishiwe wapi. Mji hauwezi kukosa mabomba ya majitaka, na kipindupindu huanza kwa maskini.

Leseni ikitolewa, rufaa hupelekwa kwenye jopo la kitaifa la mazingira ndani ya siku 60. Msiziache zipite mkisubiri ahadi za mdomo za mwanasiasa. Asiyeridhika na uamuzi wa jopo huelekea Mahakama ya Mazingira na Ardhi.