Wajukuu wanakuja Lamu likizo: watume, usijifanye hoteli

Disemba ikikaribia simu haikauki. "Mama, nawaleta watoto wiki tatu, utawaweza?" Na wewe unajibu ntashindwaje, si wajukuu zangu, alafu ukishakata ndo unakaa hapo dakani unajiuliza hawa watoto wa fleti watalala wapi na watakula nini. Mie nnao saba, wanne wa Nairobi na watatu wa Uingereza, na mara ya kwanza kuwapokea hapa Lamu nliugua wiki nzima walipoondoka manake nlijifanya hoteli, asubuhi chapati za huyu, mayai ya yule, mchana "Bibi tunaenda wapi leo", jioni miguu imefura. Sasa nimejua. Ntawaeleza ninavofanya, atakayeona kinamfaa achukue.

Kwanza msimu, manake wazazi huangalia kalenda ya shule tu hawaangalii upepo. Wa Kenya hufunga Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, wa Uingereza wao huja Julai na Agosti. Disemba ni kaskazi, joto lakini maji mazuri na safi, huo ndo msimu wa kuwachosha watoto baharini. Agosti kusi bado inavuma, kulala ni raha hata feni huhitaji, ila bahari ya nje imechafuka na mchanga wa Shela, kijiji jirani chenye ufuo, unakupiga usoni, basi panga mambo ya mjini zaidi. Aprili masika huwa inaingia, mvua na mbu, mie wa Aprili huwaambia waende kwa bibi yao wa upande wa pili. Natania. Kidogo.

Njiani waambie wazazi mambo mawili. Wakija na ndege, kiwanja kiko kisiwa cha Manda, hapo bado kuna kuvuka kwa boti, usiwaache wajivushie, nenda ukawangoje gatini. Wakija na basi mwisho wake ni Mokowe na huko pia ni boti, kwa hivo wapande basi la mapema wafike bado kuna mwangaza. Na mizigo iwe begi laini. Yale masanduku ya magurudumu kwa vichochoro vyetu ni kelele tupu na gurudumu halifiki nyumbani, yataishia juu ya mkokoteni au mgongoni mwa punda na utalipa wewe.

Nyumba sasa. Nyumba zetu za mawe ni tamu lakini ngazi zake si za mtoto wa miaka minne, zina mwinuko kama ukuta. Mlango wa ngazi ufungwe kwa komeo la juu, asiyefikia komeo hapandi darini peke yake, hiyo sheria haina machozi. Chandarua kila kitanda, hata ukiambiwa "sisi hatuumwi". Wa ng'ambo wazazi wao waulize daktari habari ya dawa ya malaria kabla ya safari, isiwe washafika ndo mnakimbizana. Ukiwa na birika la zamani chooni na una visamaki vyako mle vinavyokula viluwiluwi vya mbu, waonyeshe siku ya kwanza na uwaambie vina kazi, la sivyo utavikuta kwenye kikombe.

Haya, tuje kwenye lile lililoniokoa. WATUME. Mtoto mgeni ukimkalisha akaangaliwa, baada ya siku mbili anachoka na wewe unachoka. Mtoto akitumwa anakuwa wa mji. Mie siku ya kwanza baada ya kupumzika nawatembeza mwenyewe, polepole, Ndia Kuu, Mkunguni mbele ya ngome, duka tatu nnazonunua, na kila barazani nasimama, "huyu mtoto wa fulani", wanapeana mikono wanaulizwa majina, wanaona tabu lakini wavumilie. Lengo si salamu peke yake, ni kuwa kila mzee aliyekaa pale ashajua huyu ni wa nani, akimkuta kapotea atamrudisha, na akimkuta anafanya upuzi atamkemea kabla hujajua. Hiyo ndo sikyuriti yetu. Siku ya pili namtuma mkubwa, mie niko nyuma kama hatua ishirini najificha. Siku ya tatu anaenda na mdogo wake, mie niko kiti changu.

Kupotea watapotea, vichochoro vyote kwao ni kimoja. Wafundishe hivi: mji wetu umeinamia bahari, mitaro ya maji inateremka baharini, ukipotea fuata mtaro unavoshuka mpaka ukaona maji, hapo uko forodhani, tafuta jeti kubwa, kutoka jeti njia ya nyumbani unaijua. Mjukuu wangu wa miaka tisa alipotea mtaa wa Langoni saa nzima, akarudi peke yake kifua mbele, na tangu siku hiyo ndo yeye huwatembeza wenziwe anawaambia "fuata mtaro" kama amezaliwa nao.

Watume nini? Mahamri na mbaazi asubuhi, mpe shilingi na mkebe, na chenji aihesabu mbele yako. Mkate wa mofa jioni. Chumvi kwa jirani hata kama unayo. Na sahani, hii msiiache. Ukipika kitu kidogo kizuri, funika sahani, mtume ampelekee Bi fulani nyumba ya tatu, na mfundishe kupiga hodi mara tatu, kungoja, kusema "Bibi anakusalimu" na kutoingia mpaka aambiwe karibu. Sahani haitarudi tupu, na mtoto akiona imerudi na kaimati keshokutwa atakuuliza mwenyewe "Bibi leo hatupeleki sahani?" Wa Uingereza mmoja alikuwa hasemi Kiswahili kabisa, anaelewa lakini mdomo mzito, ni sahani zilizomfungua, mie somo sikumpa hata moja.

Lugha nayo itawachekesha. Sie Waamu mtu humwita "ndoo", hiyo ndo njoo yetu. Mwaka wa kwanza nikaita kutoka jikoni "ndoo hapa!" kimya, nikaita tena, mara huyo anakuja mbio amebeba ndoo ya maji. Mara tatu siku hiyo. Usiwasahihishe sana, wao wataweka Kiswahili chao cha Nairobi, "Bibi uko na wai-fai?", na we weka chako. Kuhusu hiyo wai-fai, mie nanunua bando langu na simu zao zinakaa kwa kidaka, kile kishubaka cha ukutani, mpaka baada ya magharibi. Walilia siku mbili. Mzazi akikupigia kulalamika mwambie amchukue mtoto wake, atanyamaza.

Punda: hapa watoto hufanya makosa. Wataona punda mji mzima watadhani ni wa kuchezea. Waambie hawa wako kazini. Wakisikia "simile! simile!" nyuma yao wabane ukutani, sio kugeuka kupiga picha, na asisimame mtu nyuma ya punda, na akiwa na mzigo wa mawe wala asiguswe. Siku hizi hata pikipiki zimezidi, nazo hazisemi simile. Mwenye hamu ya punda mpeleke kule hospitali ya punda forodhani, iko tangu 1987, atawaona wanavotibiwa na atatoka na heshima.

Bahari sasa, na hapa naomba msome taratibu. Siku ya Lamu hupangwa na maji, haipangwi na saa. Maji hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mie siangalii programu ya simu, naangalia mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, hiyo ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, yanajaa mnamo saa kumi jioni na saa nne asubuhi yametoka, ufuo umekauka mpaka mbali. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajaa mnamo saa nne asubuhi na hayana nguvu sana. Basi siku za maji mafu ndo nawapeleka wadogo kuoga asubuhi, na siku za bamvua asubuhi wanaokota simbi na kutafuta kaa kwenye mchanga, kuoga ni alasiri na karibu tu.

Sheria zangu za majini ni chache na hazibadiliki. Hakuna kuoga peke yake hata kama anajua kuogelea pulu, pulu haina mkondo. Pale mbele ya Shela mkondo una nguvu maji yakianza kutoka, mtoto anaelea akicheka na kila akikutazama yuko mbali zaidi. Maji yakianza kugeuka wote nje, hakuna "bado kidogo". Kina kisipite kiuno cha mdogo kuliko wote. Wakitembea majini waburute miguu wasikanyage kwa kishindo, manake yule samaki taa hulala mchangani na mwiba wake ni mtu mzima kulia. Na usitegemee kuwa kuna mtu wa kuangalia waogaji, mtu huyo ni wewe, kwa hivo simu yako pia iende kidakani. Kwenye boti laifujaketi kila mmoja, saizi yake, uziulize kabla hamjashuka gatini. Nahodha akicheka mwache acheke, akikosa tafuta mwingine.

Wapi pa kuwapeleka? Usiwe na papara, wiki moja matembezi mawili yatosha. Ngome ni lazima, ilianza kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na ikawa jela mpaka 1984. Ukiwaambia hapa palikuwa jela ghafla wote wanasikiliza. Hapo ndo unaingiza vita vya Shela, vile Waamu walivowashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa, alafu siku ya kwenda Shela wanatafuta mifupa kwenye michanga mpaka jua linazama. Shela kwenda ni kwa miguu, kama dakika 40 na watoto saa nzima, kurudi ni boti, usijitese. Kijiji cha Matondoni wapelekwe waone jahazi likiundwa, na wavulana wakirudi watataka kuunda kidau chao, tafuta kipande cha mti na kitambaa cha tanga na una siku mbili za amani.

Takwa, yale magofu ya Manda, ni pazuri mno, msikiti wa zamani na kaburi la nguzo na mibuyu, mji ulihamwa karne ya 17. Lakini kuingia ni kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko na lazima maji yawe yamejaa. Mwaka ule mie nlikuwa na watoto wanne, nahodha akaniambia Bi mkubwa maji yanageuka twendeni, nami nikasema ngoja wamalize kula. Wakamaliza. Maji nayo yakamaliza. Tulikaa mle mikokoni kama saa tatu, mashua imelala kwenye tope, mbu, pakiti moja ya biskuti, na mdogo anataka choo. Kosa langu, nahodha hana lawama. Mjukuu mkubwa mpaka leo husema hiyo ndo siku nzuri kuliko zote, lakini yeye hakuwa na goti langu.

Chakula sitaki maneno mengi. Chungu kimoja, wote wanakula hicho. Samaki wa kupaka na wali wa nazi hakuna aliyeshindwa, ila wa kwanza kabisa mpe nguru, mnofu mwingi na miba michache, tafi mwache mpaka ajifunze kutoa miba kwa vidole. Anayetaka kuku na chipsi atapata Ijumaa. Maji ya kunywa ya chupa au yaliyochemshwa kwa wiki ya kwanza, na embe zioshwe, matumbo mageni yana kiburi. Weka nyumbani pakiti za chumvi na sukari za kuharisha. Homa yoyote usiipe panadol ukangoja, nenda hospitali ukapimwe damu.

Na wewe bibi, au babu kama umebaki nao peke yako, pole, lala mchana. Kwangu baada ya adhuhuri mlango unafungwa, wote chini kwa mikeka, asiye na usingizi acheze mdako kimyakimya, mpaka alasiri. Kama wazazi wanataka watoto waingie chuo asubuhi wakasome Kurani na wenzao wa mtaani, sema na mwalimu mapema, na waulize wazazi wote wawili kwanza, mkaza mwana wako asije akasikia kwa mtoto. Siku za chuo utaweza kufua.

La mwisho ni kuondoka, manake watu hukosea hapa. Msingoje asubuhi ya boti ndo waage. Ukiwa umewatuma sawasawa kila mtoto ana nyumba kumi za kuaga, mwenye mahamri, Bi wa sahani, wazee wa barazani, muunda kidau, na kila nyumba ataambiwa kaa kidogo na atapewa kitu, achari, mabuyu, halwa ya kupelekea mama. Anza juzi yake alasiri, mpe kikapu kitupu, na acha nafasi kwenye lile begi laini.