Somo: vifaa na sheria za shoo ya farasi ya klabu, naandika mara moja tu

Jamani nimechoka. Kila ikitangazwa shoo huko bara simu yangu haipumui, vijana wa huku kwetu Unguja, wa Paje, wa Nungwi, wa Kiwengwa, "kaka navaa nini, farasi avae nini", namjibu mmoja mpaka saa tano usiku, kesho binamu yake ananiuliza yaleyale. Basi someni hapa. Na nasema mapema, kupandisha watalii ufukweni ni kazi nyingine na shoo ni kitu kingine, farasi wako anaweza kuwa mpole mtoto wa skuli anampanda bila kamba na bado ukatolewa uwanjani kwa sababu ya kitambaa. Yalinikuta miye.

1. Soma karatasi ya shoo. Klabu nyingi zinafuata sheria za FEI, lile shirikisho la kimataifa lenye makao Lausanne, Uswisi, halafu zinalegeza hapa na kukaza pale. Karatasi yao ikipingana na mimi, wafuate wao.

2. Helmeti iwe ya farasi, ndani ina alama ya viwango (PAS 015, VG1, ASTM F1163 ndo utakazoziona sana). Mkanda wa kidevu umefungwa muda wote uko juu ya farasi. Ikishapigwa chini kwa kishindo nunua nyengine, hata kama haina mkwaruzo.

3. Buti zenye kisigino kifupi na soli isiyo na meno. Kisigino ndo kinachozuia mguu kupenya kwenye kikuku (kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia tandikoni) ukaburutwa. Kikuku nacho kiache nafasi ya kama kidole kila upande wa buti.

4. Mikanda. Sisi chumvi inatuonea, ngozi inang'aa juu kumbe uzi umeoza. Shika mkanda wa kikuku uvute kwa nguvu zako zote pale kwenye mshono, na mkanda wa tumbo vilevile. Mkanda ukilia tu, kwa fundi viatu.

5. Dresaji. Hapa tulieni.

Hii ndo klasi ya kupima mwendo, uwanja wa mita 20 kwa 40 (mkubwa ni 20 kwa 60), herufi pembeni, unaingia A na jaji amekaa C. Mimi nilijipima uwanja wangu ufukweni maji yakitoka, kwa kamba, makumbi ya nazi nimeyaandika herufi kwa mkaa, kila siku maji yakijaa yananifutia na kesho nachora upya. Farasi akaiva. Siku ya shoo nikataka apendeze, nikamzungushia bendeji nyekundu mpya miguu yote minne, nusu saa nzima nimechutama. Kwenye uwanja wa kupasha misuli kabla ya zamu yako hakuna aliyesema neno, maana kule bendeji zinaruhusiwa, na hapo ndo mtego ulipo. Nikaingia A, nikasimama, nikatoa heshima, kengele ikalia. Nikadhani naambiwa anza! Nikaondoka mbio mpaka C, ikalia tena, karani wa jaji akasimama akanioneshea kidole miguuni mwa farasi. Nimetolewa hata duara moja sijazunguka. Nauli ya boti, nauli ya gari, malazi, kwa bendeji.

Kwa hiyo: kwenye dresaji miguu mitupu, hakuna bendeji wala viatu vya kukinga. Muweke mtu getini kazi yake moja tu, kumvua farasi kabla hujaingia. Matingale (ule mkanda wa kifuani unaogawanyika na kushika vigwe, yaani hatamu) pia unakutoa. Lijamu (chuma cha mdomoni) kwa wanaoanza ni ile nyepesi yenye kiungo katikati, zile za kukaza kidevu acha nyumbani. Usimsemeshe farasi, hata kumpigia ulimi, unakatwa alama. Na kengele ya kuanza inalia ukiwa BADO NJE, kwa FEI una sekunde 45 za kuingia.

6. Kuruka viunzi. Bendera nyekundu iwe kulia kwako na nyeupe kushoto. Kuangusha kiunzi alama 4 za adhabu, farasi kukataa kuruka mara ya kwanza 4, kwa FEI akikataa mara ya pili umetoka, klabu nyingi za wanaoanza zinavumilia mpaka ya tatu. Ukianguka umetoka, na ukianza kabla ya kengele umetoka. Zunguka njia yote kwa miguu kabla, hesabu hatua.

7. Uwanja wa kupasha mnapishana kushoto kwa kushoto. Hapa nasisitiza kwa sababu sisi barabarani gari zinapishana kulia kwa kulia, mwili umeshazoea hivyo, kule ni kinyume. Na ukiona farasi ana utepe mwekundu mkiani huyo anapiga mateke, usimsogelee nyuma.

MASWALI

Mwanachama, Nungwi: Somo refu kaka, tupe list fupi ya vitu vya kununua tu.
Jibu: Panda juu usome.

Mwanachama, Fuoni: helmeti ya bodaboda ikiwa mpya kabisa inafaa?
Jibu: Hatua ya 2. Hapana.

Mwanachama, Bububu: Mimi naona hizi sheria za kizungu tu za kusumbua watu, bendeji imemdhuru nani? Na wewe kama ulikuwa mtaalamu ungesoma kwanza.
Jibu: Yakhe ningekuwa nimesoma somo hili nisingeliandika. Bendeji inakatazwa dresaji kwa sababu jaji anataka kuiona miguu yenyewe inavyokwenda, pasiwe na kilichofichwa wala kilichofungwa kumfanya ainue zaidi. Kwenye viunzi anavaa kwa sababu anajigonga. Kizungu hakimo hapo, na Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, alikuwa akipanda farasi hapahapa kabla babu zetu hawajazaliwa.

Mwanachama, Jambiani: Assalaam alaykum. Mimi ni msichana na navaa hijabu, helmeti ntaivaaje? Naogopa kuuliza kule wakaniona mshamba.
Jibu: Waalaykumsalaam mdogo wangu, hilo swali zuri na hukuwa na haja ya kuogopa. Vaa kitambaa chepesi kinachobana kama soksi, pini usitie hata moja, ukianguka itakuchoma. Nywele zifunge chini shingoni, fundo likikaa kisogoni helmeti inanyanyuka. Ncha zote ziingize ndani ya shati. Na kubwa zaidi, nenda kaijaribu helmeti ukiwa umeshavaa hijabu hiyohiyo, tikisa kichwa na mkanda haujafungwa, isicheze. Halafu waandikie waandaaji mapema uwe na jibu lao mkononi.

Mwanachama, Jambiani: Shukran sana. Na fimbo? Mbona nimesikia moja ndefu moja fupi?
Jibu: Nilisahau, ahsante. Viunzi mwisho sentimita 75, dresaji klabu nyingi mwisho 120. Kwenye dresaji unamgusa nyuma ya mguu wako bila kuachia kigwe, ndo maana ndefu. Kwenye viunzi fimbo ndefu inamchapa bila wewe kukusudia kila mkono ukisogea.

Mwanachama, Makunduchi: Fundi, tukitoka baharini lijamu linashika kutu na tandiko linaota ukungu masika yote. Mnafanyaje?
Jibu: Lijamu lisuuze kwa maji baridi palepale, hata kabla hujampa farasi majani. Ngozi ifute na kitambaa chenye unyevu kidogo, sabuni ya gliserini, kisha kivulini penye upepo. Juani inakakamaa na kupasuka. Tandiko lisilale sakafuni wala kwenye mfuko wa nailoni.

Mwanachama, Makunduchi: na lijamu jipya nalipimaje? La sasa naona linamchubua pembeni.
Jibu: Chukua kamba laini, ipitishe mdomoni pale lijamu linapokaa, itie alama pembe mpaka pembe, pima. Ongeza kama nusu sentimita kila upande. Akichubuka hivyo sasa mpumzishe, usimtie lijamu mpaka apone. Nitumie vipimo vyako, nina mawili matatu ya zamani hapa nyumbani huenda moja likamkaa.