Kuendesha lori la mafuta kutoka depo hadi sheli

Dereva aliyezoea kubeba saruji akihamia kwenye lori la mafuta, shida ya kwanza anayokutana nayo ni mzigo usiotulia. Mifuko ya saruji ikifungwa vizuri husimama pamoja na gari. Petroli huendelea kwenda: inapiga ukuta wa mbele wa tanki, inarudi nyuma, kisha inamsukuma dereva tena wakati yeye anadhani ameshasimama. Kwa hiyo kila kitu kwenye lori hili, iwe ni breki, gia au kona, hufanywa mapema kuliko ulivyozoea.

Upakiaji

Ajali nyingi za barabarani huanzia depo, kwa namna chemba (vyumba vilivyogawanywa ndani ya tanki) zilivyojazwa. Chemba iliyojaa hadi alama yake haina nafasi ya mawimbi, na chemba tupu haina kitu cha kutikisika. Hatari iko kwenye chemba iliyojaa nusu. Kama oda ni ndogo kuliko tanki, jaza baadhi ya chemba kabisa na uache nyingine tupu, badala ya kugawa kidogo kidogo kila mahali.

"Kujaa" hakuna maana ya kufika mfunikoni. Petroli hutanuka takriban asilimia 0.12 kwa kila nyuzi 1 ya joto. Chemba ya lita 6,000, lori likilala juani na mafuta yakapanda nyuzi 15, huongezeka lita 108. Acha nafasi ya asilimia 3 hadi 5, la sivyo mafuta yatatafuta njia kupitia valvu ya kupumulia.

Uzito nao hutofautiana. Lita 36,000 za petroli ni tani 26 na ushee, ilhali ujazo huohuo wa dizeli ni tani 30 hivi. Tanki linalopita mzani wa Vigwaza mkoani Pwani likiwa na petroli linaweza kukwama hapohapo likiwa na dizeli. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki uzito wa jumla hauzidi tani 56, na ekseli tatu za pamoja za tela hazizidi tani 24. Kwa hiyo piga hesabu kwa kilo, usiridhike na lita.

Kuna kosa moja ambalo hata wazoefu hulidharau: kupakia dizeli kwenye chemba iliyotoka kubeba petroli. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa. Chemba iliyotoka kumwagwa petroli mara nyingi ina mvuke mzito kupita kiwango hicho. Dizeli ikiingia huupunguza mvuke hadi ufike katikati ya kiwango cha mlipuko, na dizeli yenyewe inapokwenda kasi kwenye bomba huzalisha umeme tuli. Cheche na mvuke vinakutana ndani ya chemba moja. Mwambie mpakiaji chemba ilibeba nini mara ya mwisho, na aanze polepole, isizidi mita 1 kwa sekunde, mpaka mdomo wa bomba ufunikwe. Waya wa ethi (unaopeleka umeme tuli ardhini) ufungwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na uwe wa mwisho kufunguliwa. Usipige dipu (kupima kina cha mafuta kwa fimbo) kabla ya dakika 10 kupita baada ya kupakia. Nguo ziwe za pamba, simu ibaki getini.

Kabla ya kutoka, funga valvu za ndani zilizo chini ya tanki, kisha koki za nje, na hakikisha hakuna mafuta yaliyobaki kwenye mabomba ya kati. Hayo mabomba ndiyo ya kwanza kuvunjika ukigongwa ubavuni. Kagua lakiri, vibao vya hatari (33 juu ya 1203 kwa petroli, 30 juu ya 1202 kwa dizeli), vizima moto, kabari za tairi na pembetatu. Jaza hewa ya breki, zima injini, kanyaga breki kwa dakika nzima: upepo ukishuka zaidi ya baa 0.3, kuna mahali panavuja, na safari isubiri. Mwaga pia maji yaliyo kwenye mitungi ya hewa.

Kona na ukingo wa lami

Kuta za ndani zenye matundu hupunguza mawimbi ya mbele na nyuma. Ya kushoto na kulia haziyazuii. Nguvu inayolivuta lori nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo: ukiingia kwa kilomita 60 badala ya 40, nguvu hiyo ni zaidi ya mara mbili, 2.25 kamili. Mafuta nayo yanakimbilia upande huohuo na kubeba uzito kwenda juu. Punguza mwendo ukiwa bado kwenye mstari ulionyooka, ingia na gia inayovuta, usikanyage breki katikati ya kona. Tairi za tela za ndani zikianza kunyanyuka, dereva aliye mbele hazihisi.

Tairi ya kushoto ikitoka nje ya lami, usikate usukani kurudi. Hapo ndipo malori mengi hulala. Shika usukani imara, achia kanyagio la mafuta taratibu, acha mwendo ushuke, kisha rudi pale ukingo ulipo mfupi. Afadhali tairi zipite kwenye udongo mita 100 kuliko kurudi kwa ghafla.

Milima

Mlima Kitonga mkoani Iringa ukiupanda na mzigo, chagua gia ukiwa chini. Kubadilisha katikati ya kona za juu kunaweza kukuacha bila mvuto na tela linakurudisha nyuma. Acha nafasi kubwa kati yako na lori la mbele, kwa kuwa likikwama nawe umekwama.

Mteremko ndio unaotaka nidhamu zaidi. Ukishuka Iwambi kuelekea Mbalizi, au kutoka Tukuyu kwenda Kyela, huko mkoani Mbeya, weka gia ndogo na breki ya injini kabla ya kuanza kushuka. Chagua mwendo, tuseme kilomita 30. Ukifika 30, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha mpaka mwendo ushuke hadi 22 hivi, kisha achia kabisa zipoe. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia hupasha moto dramu. Zikitanuka zinakimbia bitana (vipande vya breki vinavyozisugua), kanyagio linakwenda chini na gari haishiki. Ukisikia harufu ya bitana, simama sehemu tambarare mapema. Nyutro kwenye mteremko ni marufuku, haijalishi umeokoa dizeli kiasi gani. Barabara ikiwa imelowa na tanki ni tupu, punguza nguvu ya breki ya injini, kwa sababu tairi za nyuma za kichwa (gari la mbele linalovuta tela) zinaweza kuteleza na tela likakufuata ubavuni.

Kushusha

Simamisha lori likitazama njia ya kutokea, zima injini na swichi kuu ya betri, weka kabari, koni na vizima moto. Kisha:

1. Funga ethi.
2. Piga dipu tanki la sheli. La lita 20,000 lenye lita 7,000 ndani lina nafasi ya lita 12,400, si 13,000, kwa sababu halijazwi zaidi ya asilimia 97.
3. Soma jina la mafuta kwenye mfuniko wa tanki, halafu kwenye chemba yako. Msimamizi wa sheli naye asome.
4. Unganisha mpira wa mvuke (unaorudisha mvuke wa tanki la sheli kwenye lori) kabla ya mpira wa mafuta.
5. Fungua valvu ya ndani, kisha koki taratibu.

Baki hapohapo kando ya koki hadi tone la mwisho. Ukipeleka sheli zaidi ya moja kwa semitrela, maliza chemba za nyuma kwanza. Uzito ukibaki nyuma, kichwa kinakosa mshiko barabarani.

Lori likilala

Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, Sachangwan nchini Kenya mwezi Januari 2009, na Sange mkoani Kivu Kusini mwezi Julai 2010: kila mahali watu walifuata mafuta yaliyomwagika, na waliokufa walizidi 100. Zima injini na swichi ya betri kama unafika bila kujihatarisha, kisha toka na utingo wako mkae upande upepo unakotoka. Ukiwa Tanzania, piga 114 kwa zimamoto na 112 kwa polisi ukiwa mbali. Wape bodaboda wa kwanza kufika kazi ya kuzuia magari na watu pande zote mbili, angalau mita 100. Watu wakisogea na ndoo, usibishane nao kuhusu wizi. Waambie mvuke huu hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa mitaroni, na injini ya pikipiki inatosha kuuwasha. Kama kuna jembe na upepo uko upande wako, ziba mtaro kwa udongo mbele ya mafuta. Kreni isinyanyue tanki kabla mafuta hayajahamishwa na povu halijamwagwa.

Tanki tupu

Lori linalorudi Dar es Salaam bila mzigo bado limejaa mvuke, hivyo sheria za moto na vibao hazibadiliki. Fundi wa kuchomelea asiliguse mpaka lioshwe, lipitishiwe hewa na kupimwa kwa kipima gesi. Kipimo kirudiwe kila baada ya mapumziko, kwa kuwa tope lililojificha nyuma ya kuta za chemba hutoa mvuke upya bati likipata joto.