Kabla ya kununua kifuniko cha "kurefusha" betri

Mwaka 2015 Batteriser, kifuniko chembamba cha chuma cha kuvalisha betri, chenye sakiti ndogo ya kupandisha volti, kilinadiwa kuwa kitarefusha maisha ya betri hadi mara 8. Hoja ya watengenezaji: vifaa huacha kufanya kazi betri ikishuka hadi volti 1.35 hivi, nguvu nyingi ikiwa bado ndani. Hilo unaweza kulipima mwenyewe.

Chukua redio au tochi iliyogoma kabisa. Iache imewashwa, gusisha multimita, yaani kipima umeme (kiweke kwenye volti za DC) kwenye ncha mbili za kila betri. Usizitoe kwanza: betri iliyopumzika hupanda volti na kukudanganya. Ukikuta 1.0 au chini, mawe hayo yamekwisha. Hakuna cha kukamua.

Sakiti ya kupandisha volti haitengenezi nguvu. Kifaa kikitaka volti 1.5 (V) na mkondo wa miliampia 100 (mA), betri iliyoshuka hadi 1.0 V italazimika kutoa 150 mA, na sakiti ikipoteza asilimia 15 inakuwa takriban 176 mA. Kwenye tochi rahisi ni hasara tupu: taa inang'aa zaidi, betri inaisha mapema. Tena kipimo cha chaji kitaonyesha "imejaa" mpaka kifaa kizimike ghafla.

Angalia pia ganda la nje. Kopo la betri ya alkalaini ni chanya. Kifuniko kinachounganishwa na hasi kikikwaruza plastiki yake, ni shoti, na betri inachemka.

Kifaa kikigoma kwenye 1.3 V, safisha kwanza vishikizo vyenye kutu.