Kabla hujaunga simu ya upepo kwenye lori au boti, soma hapa kwanza

Msimu wa korosho ukikaribia huku Mtwara watu wanaanza kufunga simu za upepo, yaani redio za kuongelea, wengine kwenye malori, wengine ghalani, wengine kwenye boti, na kila mwaka naletewa redio zimeungua ambazo hazikuwa na sababu ya kuungua. Kwa hiyo tuelewane mapema.

Geuza redio usome kibandiko cha nyuma. Nyingi za kufunga kwenye gari zimeandikwa 13.8V, yaani zimetengenezwa kwa umeme wa gari dogo injini ikiwa inaunguruma, na kwa kawaida zinavumilia asilimia 15 juu au chini, kama 11.7 mpaka 15.8 hivi. Za mkononi ni habari nyingine, nyingi betri yake ni volti 7.4, itumie chaja yake basi, usiichomeke popote pengine.

Halafu ampea. Ukiwa unasikiliza tu haili sana, ila ukibonyeza kuongea redio ya wati 50 inaruka mpaka ampea 10 au 12. Kile kiadapta cha kamera cha ampea 2 hakifai hata kama kimeandikwa 12V, usibishane na mimi. Ghalani tafuta pawasaplai, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani, ya volti 13.8 ya ampea 15 na kuendelea, na kama ina swichi ya 115 na 230 hakikisha kwa macho yako iko 230 kabla hujachomeka.

Waya uwe mnene. Watu wa boti hapa ndipo mnapofeli, betri iko nyuma redio iko mbele, mnavuta waya wa taa. Piga hesabu: waya wa milimita za mraba 1.5, mita 6 kwenda na 6 kurudi, ukivuta ampea 10 unapoteza volti kama 1.4 njiani. Betri ina 12.2, redio inapata 10.8. Ndiyo maana inasikia vizuri halafu ukibonyeza kuongea inazima, na wewe unasema redio mbovu.

Sasa lori, na hapa naomba usome taratibu. Malori makubwa ni volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa kwa kufuatana. Ujanja wa mtaani ni kuchukua 12 kwenye betri moja tu. Mimi niliufanya. Kulikuwa na lori linakwenda Newala kubeba mzigo, suka, yaani dereva, ana haraka, konveta ya kushusha volti 24 kuwa 12 sina, nikaunga nyekundu kwenye chanya ya betri ya juu, ile ambayo hasi yake haijaungwa kwenye bodi ya lori, na nyeusi pale katikati betri zinapokutana. Nikapima, 12.6, safi kabisa, redio ikawaka, tukaongea vizuri, nikalipwa nikaondoka.

Wakiwa wanapanda Newala utingo akasikia harufu ya plastiki. Kuangalia, waya wa antena umelainika kama tambi kuanzia kwenye redio mpaka kwenye bati la mlango, moshi umejaa kabini, kijana akaukamata auchomoe akaungua vidole vitatu. Vidole vya mtu, kwa kazi ya mikono yangu. Lile linaniuma mpaka leo.

Kilichotokea ni hiki. Kasha la chuma la redio limeungana na waya mweusi, na mweusi wangu haukuwa kwenye bodi ya lori, ulikuwa volti 12 juu yake. Kishikio cha antena kilikuwa kimekaa juu ya rangi ndiyo maana mwanzo hakikuleta shida, mtikisiko wa barabara ukakwangua rangi, chuma kikagusa chuma, umeme wote wa betri ya chini, ile yenye hasi kwenye bodi ya lori, ukapita kwenye ule wavu mwembamba wa waya wa antena. Fyuzi ya waya mwekundu haikukatika kwa sababu umeme haukupita huko. Redio ilikuja na fyuzi mbili, nyekundu na nyeusi, ile ya nyeusi nilikuwa nimeikata nikaona haina kazi.

Hata ukichukua betri ya chini ambayo haileti moto namna hiyo, unazichosha betri, moja inaisha chaji nyingine inazidishiwa, siku moja lori haliwaki porini. Nunua konveta ya 24 kwenda 12 yenye ampea za kutosha, mwambie mwenye lori asipotaka kulipia hufungi.

Mengine: fyuzi zote mbili zikae karibu na betri, na ikikatika usiweke kipande cha waya. Chumvi ya huku pwani inakula viungio, ukiona ukijani kwenye shaba kata uunge upya. Usibonyeze kuongea bila antena. Leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pia ifuatilie mapema. Na kabla suka hajaondoka mwambie awashe injini, abonyeze aongee, wewe uwe umeshika mita ya kupimia volti kwenye plagi ya redio yenyewe, siyo kwenye betri.