Kupata kazi kwenye yadi ya magari Nakuru au Kisumu

Meneja wa yadi amezoea kijana anayeingia na kusema "mimi napenda magari sana." Atamsikiliza, atamwambia aache namba ya simu, na mambo yaishie hapo. Anayemtafuta ni yule ambaye mteja akiuliza, "Nikiweka laki tano leo, kwa mwezi nitalipa ngapi?" atamjibu kabla mteja hajavuka barabara kwenda yadi ya jirani. Mapenzi ya magari ni mtaji, ila lazima yageuzwe kuwa majibu ya namna hiyo.

Kwanza chagua mlango. Wauzaji rasmi wa magari mapya kwa kawaida huajiri kwa tangazo, na hutaka diploma ya mauzo au ya uhandisi wa magari. Yadi za magari yaliyotumika kutoka Japani huajiri anayefika mlangoni akajieleza. Mlango wa tatu, ambao wengi huudharau, ni kaunta ya vipuri au meza ya kupokea magari ya sevisi. Ukiwa na cheti cha ufundi wa magari cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya kiufundi, hata Gredi ya III, au umesomea vyuo vya ufundi vya Sigalagala au Kisumu Poly, huko utasikilizwa haraka zaidi, na kuhama kutoka kaunta kwenda mauzo si safari ndefu.

Makaratasi hayana siri: kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha tabia njema kutoka DCI, leseni. Kwenye leseni ndiko watu hukwama. Daraja la B1 linakuruhusu kuendesha gari la otomatiki pekee, na yadi ya huku haikosi pikapu au Probox ya gia za mkono inayohitaji kusogezwa kila asubuhi. Kama una B1, rudi shule ya udereva utafute B2 kabla ya kuomba kazi.

Sasa kazi yenyewe ya kujiandaa. Tembelea yadi tatu kama mteja wa kawaida, uandike aina kumi za magari yanayoonekana kila mahali: Axio, Fielder, Vitz, Note, Demio, Forester, CX-5, Probox, D-Max, Hilux. Kwa kila moja jua msimbo wa modeli, injini, aina ya giaboksi na oili yake, na kama bado linaweza kuagizwa. La mwisho huwaumbua wengi. Kenya hairuhusu kuagizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo kwa mwaka 2026 mpaka ni Januari 2019. Mteja akitaka Axio ya NZE141, hiyo utamtafutia iliyokwisha kutumika humu nchini. Ukimwambia "tunaweza kukuagizia," umejianika. Axio ya petroli ya cc 1500 inayoingia sasa ikiwa na CVT (giaboksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia) ni NRE161, injini ya 2NR-FKE. Haibridi, yaani ya petroli na umeme, ni NKE165.

Kuhusu CVT, jifunze sentensi moja na uielewe: oili yake haichanganywi wala kubadilishwa na oili ya otomatiki ya kawaida. Nissan ya CVT huandikiwa oili ya NS-3, Toyota ya CVT huandikiwa CVT FE. Fundi akimwaga oili isiyo yake, mkanda wa chuma ulio ndani huanza kuteleza, gari linatetemeka likiondoka, na lawama zinakurudia wewe uliyeuza.

Jifunze pia kusoma karatasi ya mnada ya Japani, ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko. Alama ya jumla ya 4 au 4.5 ni gari zuri; 3.5 lina mikwaruzo zaidi. R au RA maana yake liligongwa likarekebishwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata herufi, kama A1 au U2, huonyesha ukubwa, na inavyopanda ndivyo hali inavyozidi kuwa mbaya. Hali ya ndani ya gari ina herufi yake, kuanzia A iliyo bora kushuka. Kisha linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye karatasi na ile iliyogongwa kwenye gari lenyewe, kwa sababu karatasi ya gari moja ikikutwa kwenye gari jingine, hiyo haina thamani hata ya kufungia mandazi.

Ukienda kuomba, nenda kati ya Jumanne na Alhamisi, asubuhi baada ya magari kuoshwa. Jumamosi ni siku ya wateja na mwisho wa mwezi meneja anafukuzia hesabu. Hatakuwa na dakika yako. Vaa viatu vinavyofaa kokoto.

Jaribio linalopendwa ni hili: meneja anakupa ufunguo na kusema, "Haya, niuzie hii." Shabiki wa magari hukimbilia boneti na kuanza mahubiri ya injini. Hapo amekosea. Anza na maswali: nani ataendesha, barabara gani, watu wangapi, analipaje? Mzee akikuambia anatoka Olenguruone na anataka Vitz ya cc 1000, una jambo la kumwambia. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Nakuru yenyewe iko kama mita 1,850, na kwake ni juu zaidi. Akipakia watu wanne na gunia mbili za viazi, 1000 itamlilia kila kilima. Kwa mwalimu wa Kondele anayeenda kazini Mamboleo na kurudi, gari hilohilo linamtosha kabisa.

Ndipo ulizunguke gari. Tuseme ni Axio haibridi. Bonyeza kitufe mguu ukiwa kwenye breki. Usishtuke kwa kukosa kusikia injini: neno READY likiwaka kwenye dashibodi, gari liko tayari kuondoka. Waombaji huona kimya, wakabonyeza tena, wakalizima mbele ya meneja. READY ikikataa kuwaka, shuku betri ndogo ya volti 12 kabla ya ile kubwa ya mota ya umeme, maana gari lililosimama yadi wiki nyingi huimaliza. Ikipimwa gari likiwa limezimwa, 12.6 ni betri iliyojaa. Chini ya 12.2 inahitaji chaja. Kisha fungua mlango wa nyuma, uiname, upitishe kidole kwenye matundu ya hewa yaliyo chini kando ya kiti. Hewa ya kupoza betri kubwa huingilia hapo. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, feni inavuta uchafu huo huo, na betri iliyokosa hewa hupata joto na kufa mapema. Mwonyeshe mteja, umwambie asizibe hapo kwa mizigo wala nguo. Dakika hiyo moja huuza kuliko sifa kumi.

Usisahau tairi. Namba nne mwishoni mwa msimbo wa DOT ulio ubavuni mwa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Kashata nzuri si hoja kama mpira umezeeka.

Hesabu ya mkopo ifanyie mazoezi mpaka uifanye kwa kikokotoo cha simu bila kusita. Chukua 900,000 kwa asilimia 14 kwa mwaka, miezi 48. Riba ikihesabiwa kwenye salio linalopungua, malipo ni kama 24,600 kwa mwezi. Ikihesabiwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, ni 29,250. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya 4,600 kila mwezi, kwa hiyo muulize mkopeshaji anatumia njia ipi kabla hujamtajia mteja chochote. Kwa walimu na wafanyakazi wa kaunti, angalia hati ya mshahara: baada ya makato yote, thuluthi moja ya mshahara wa msingi lazima ibaki. Mwenye msingi wa 45,000 akibaki na chini ya 15,000, mkopo hautapita, na ni heri ajue leo kuliko baada ya kulipa amana.

Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, nayo ina mitego yake. Hakikisha jina lililo kwenye rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, ni la anayeuza, na kwamba hakuna benki iliyoandikwa kama mmiliki mwenza. Uhamisho hufanyika kwenye eCitizen: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake mwenyewe. Usishike simu na nywila ya mteja ukamfanyia kila kitu, hata akikuomba. Na amana isipitie M-Pesa yako hata siku moja. Iende kwenye namba ya yadi, na risiti itoke papo hapo.

Ukipewa kazi, usifurahi ukasahau karatasi. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi kwa kazi ya miezi mitatu au zaidi, na kipindi cha majaribio kisizidi miezi 6. Yadi nyingi hulipa mshahara mdogo pamoja na kamisheni, na ugomvi huanzia kwenye kamisheni. Iandikwe wazi: inalipwa mteja akiweka amana, akimaliza kulipa, au benki ikituma pesa? Mteja uliyemhudumia akirudi siku yako ya mapumziko akanunua kwa mwenzako, ni ya nani? Kisha uliza bima ya gari linalotoka kujaribiwa inamfunika nani akiwa kwenye usukani, wewe au mteja, na uombe uone hati yenyewe. Mwajiri anaweza kukukata mshahara kwa uharibifu uliosababisha kwa makusudi, kwa kiasi cha haki. Kifungu kinachokubebesha kila mkwaruzo wa bampa, hata wa mteja, kiombe kifutwe kabla hujatia sahihi.